Kitenzi "catch" kwa watu wa kanda ya ziwa: namna ya kukizoea hatua kwa hatua

Ukifanya kazi Mwanza, kwenye soko la samaki la mwaloni Kirumba, kwenye hoteli za Capri Point au kwenye boti zinazopeleka watu kisiwa cha Saanane, kuna kitenzi cha Kiingereza ambacho huna namna ya kukikwepa. Mgeni atauliza leo mmevua nini. Atauliza feri ya Kamanga ataiwahi akitoka saa ngapi. Atasema samahani, jina lako hajalisikia vizuri. Atauliza kama akiogelea hapo atapata kichocho. Na ukimtajia bei ambayo hakuitegemea, atakuangalia kwa jicho la pembeni na kuuliza kuna nini nyuma yake. Mara zote tano ametumia neno moja: "catch".

Fungua kamusi utakuta kamata, daka, shika, nasa, vua, wahi, pata, fumania. Hayo yote ni sahihi, ila hayakusaidii kujua lipi litumike lini. Ninafundisha Kiingereza cha jioni kwa watu wazima, wengi wao wachuuzi wa samaki na vijana wa utalii, na mpangilio wa hapa chini ndio ninaoutumia darasani. Zile orodha za "misemo mia moja ya Kiingereza" zinazozunguka WhatsApp ziweke kando kwanza. Badala yake, kila ukikutana na "catch" jiulize swali moja: ni kitu gani hapa kilikuwa kinapita, kinaanguka au kinataka kutoroka? Ukikipata hicho, kitenzi cha Kiswahili kitakuja chenyewe, na hata zile maana za mafumbo zitaacha kukusumbua.

Hatua ya 1: Anza na kitu kilicho hewani

Maana ya msingi ni ya mkono. Kitu kinakwenda, mkono unakizuia. Golikipa anadaka mpira: "The goalkeeper caught the ball." Mwenzako anakurushia funguo, unazidaka: "I caught the keys." Kuku amekatika kamba, watoto wanamkimbiza mpaka wanamkamata: "They caught the chicken."

Sasa fikiria kikombe kilichotulia mezani. Hicho hakiwi "catch". Unakichukua, yaani "take" au "pick up". Ukisikia mtu anapiga kelele "Catch the cup!" jua kikombe kinaporomoka.

Hapa ndipo penye kosa letu kubwa kuliko yote, na linatokana na kitenzi "shika". Kwa Kiswahili tunashika kinachokimbia na tunashika kilichotulia pia. "Nishikie mfuko," "shika hapa nifunge kamba," "nishikie mtoto kidogo nilipe nauli." Hizo zote kwa Kiingereza ni "hold". Ukimwambia mgeni "Catch this bag" atarudi nyuma hatua moja na kunyoosha mikono, akijua unamrushia. Na ukimwambia mama wa Kizungu "Catch the baby", atashtuka vibaya, kwa sababu umemwambia mtoto anaanguka. Kanuni ni fupi: kilichotulia ni "hold", kinachokwenda ni "catch".

Hatua ya 2: Nyoosha ulimi kabla hujaendelea

Sasa hivi ni "catch", jana ni "caught", na baada ya "have" ni "caught" tena. Hakuna "catched", hata kama umeisikia kwa mtu mwenye digrii. Zile herufi gh katikati ni za kuandika tu, hazitamkwi. Tamka o ndefu kisha t, kama unayeanza kusema "koti" halafu ukameza i. Kwa matamshi ya London, "caught" na "court" husikika sawa kabisa, kwa hiyo ukisikia mtu "was caught in court" usidhani amerudia neno.

Kwa wanaopenda kujua asili ya maneno: kitenzi hiki kiliingia Uingereza kutoka Kifaransa cha kaskazini baada ya Wanormani kuitwaa nchi hiyo mwaka 1066. Huko kilikuwa na maana ya kuwinda, kufukuza mnyama. Ndugu yake wa damu ni "chase", kufukuza. Ndiyo maana mpaka leo ndani ya "catch" kuna mbio: mmoja anakimbia, mwingine anafuata, na mwishowe anafikiwa. Wafundishaji wengi huruka habari hii. Mimi siiruki, maana inabeba nusu ya yatakayofuata.

Hatua ya 3: Nenda mwaloni

Hapa tukae kidogo, kwa sababu samaki ndio kazi yetu na ndipo Kiingereza kinapotofautiana na Kiswahili bila kukuaga.

Kwa Kiswahili "kuvua" ni kazi na ni matokeo pia. "Tumevua usiku kucha" inaweza kuwa mmerudi na ndoo tupu, na "tumevua sangara wanne" ni hesabu ya mlichopata. Kiingereza kinazitenga. Kutoka na mtumbwi, kutega nyavu, kukesha na taa: hiyo ni "fish". Samaki akishaingia kwenye wavu na akawa wako, hapo ndipo "catch" inapokuja. "We fished all night but we caught nothing." Sentensi hiyo kila mvuvi wa dagaa anaielewa bila kufundishwa, hasa wakati wa mbalamwezi, kwa kuwa taa hazina nguvu dagaa wanapokuwa na mwanga wa bure kutoka juu. Ukisema "We caught all night" msikilizaji atakuwa anasubiri umalizie: mlikamata nini?

Angalia na vihusishi vinavyofuata, maana mnunuzi wa kiwandani au ofisa wa uvuvi atauliza. Samaki wa ndoano ni "caught on a hook". Samaki wa wavu ni "caught in a net". Aliyevuliwa kwa chambo ni "caught with bait". Darasani mwanafunzi mmoja aliandika "caught by a net", na kisarufi mtu anaweza kumtetea, lakini kwa sikio la mwenye lugha inakuwa kama wavu ndio uliojituma asubuhi kwenda kazini.

Kisha lipo jina. "The catch" ni jumla ya samaki waliovuliwa, mzigo mzima ulioletwa na mtumbwi. "How was the catch?" ni salamu inayofaa sana asubuhi mwaloni, sawa na kuuliza "leo mmeambulia nini?" Jibu ni "a good catch" au "a poor catch". Halihesabu samaki mmoja mmoja. Watafiti wa samaki nao wana neno "bycatch", yaani wale walioingia wavuni bila kulengwa: umetega dagaa, wameingia furu na vitoto vya sangara. Sangara wa chini ya sentimita 50 haruhusiwi kuvuliwa, kwa hiyo ukimsikia mtaalamu akitaja "undersized catch" anazungumzia hao, na si wakati mzuri wa kuchekacheka.

Hotelini utaona kwenye menyu "catch of the day". Maana yake ni samaki aliyevuliwa leo. Ninawashauri wapishi wasiandike maneno hayo kama sato wao amelala friji siku tatu. Mgeni aliyeliona ziwa kutoka mezani kwake ana haki ya kuyachukua maneno hayo kama yalivyo.

Ukitoka hapo unafika kwenye fumbo la kwanza, na ni rahisi kwa sababu na sisi tunalo. Shangazi wa Kiingereza akimsifia kijana kwamba "he's a good catch" anasema ni mchumba wa maana, aliyempata asimwachie. Vijana wa mjini wanasema fulani "ameopoa". Kuopoa ni kutoa kitu majini. Watu wawili wasiojuana, mmoja kando ya bahari yake na mwingine kando ya ziwa letu, wamefika kwenye mtumbwi ule ule.

Hatua ya 4: Badili samaki, weka muda

Ukishaelewa kwamba "catch" inamhusu anayekimbia, basi, feri na ndege hazitakupa shida. Chombo kinaondoka, wewe unakifikia kabla hakijaondoka. Kwa Kiswahili tunasema kuwahi. "I have to catch the ferry" ni lazima niiwahi feri. Ukichelewa, "I missed it". Hayo mawili ni jozi, yafundishe pamoja.

Wale wa kuvuka Kigongo kwenda Busisi wamepunguziwa sentensi hiyo tangu Juni 2025, lilipofunguliwa daraja la takribani kilomita 3. Sasa hakuna cha kuwahi pale, unapita tu. Lakini kwa Kamanga, na kwa meli ya Ukerewe, "catch" bado inafanya kazi kila siku. Angalia tu usichanganye: "catch a bus" ni kuwahi au kupanda basi kama njia ya kusafiri, ila kukaa ndani yake ni "be on the bus".

Jua nalo linakimbia. Mgeni akikuuliza "Where can we catch the sunset?" anataka mahali pa kuliona jua likizama kabla halijapotea, na jibu unalo: pale mbele ya mwamba wa Bismarck, saa moja ya jioni ikikaribia. Akisema "Did you catch the match?" anauliza kama uliwahi kuuona mpira. Na mtu unayemtafuta naye hukimbia: "I'm glad I caught you" ni "afadhali nimekuwahi", maneno ya kumwambia bosi aliyeshika kitasa cha mlango akitoka.

Hatua ya 5: Geuza ugonjwa

Hatua hii ndiyo ngumu kuliko zote kwa mtu aliyelelewa na Kiswahili, na sababu si msamiati. Sababu ni nani anamkamata nani.

Kwetu ugonjwa ndio mwindaji. Mafua yamenishika. Malaria imemkamata. Homa imempiga. Mgonjwa amekaa zake, ugonjwa umemfuata. Kwa Kiingereza mgonjwa ndiye anayefanya: "I caught a cold." Ukitafsiri neno kwa neno ukasema "A cold caught me", watu watakuelewa lakini watatabasamu, kama vile umewasimulia ngano ambayo mafua ana miguu. Kwa hiyo kila ukitaka kusema umeumwa kwa kutumia kitenzi hiki, anza na mtu, malizia na ugonjwa. Fanya zoezi hilo kwa sauti mpaka ulimi uzoee: "She caught measles." "The children caught flu."

Kisha chunguza ni ugonjwa gani. "Catch" inafaa ule unaoambukiza: mafua, surua, kipindupindu. Kisukari, presha na saratani havimo. Hayo Kiingereza husema mtu "has" au "developed". Na hapa si suala la sarufi peke yake. Ukisema jirani "caught cancer" umemwambia msikilizaji kwamba saratani inaambukiza, na huenda kesho mtu akakataa kunywa chai kwa jirani huyo. Kwa virusi vya ukimwi utasikia watu wakisema "catch", lakini wahudumu wa afya wanapendelea "get" au "acquire", na mimi nawafuata wao.

Mwambukizaji anawekwa baada ya "from". Kiswahili kingesema "mdogo wangu ameniambukiza mafua", mdogo mtu akiwa mbele. Kiingereza kinamrudisha nyuma: "I caught it from my brother."

Sasa lile swali la ziwani. Mgeni amesimama ufukweni, suruali imekunjwa hadi magotini, anauliza: "Can I catch bilharzia here?" Bilharzia ni kichocho. Ninawafundisha vijana wa boti wasijibu "no problem" ili kumfurahisha. Jibu la kweli na la heshima ni hili: "Yes, you can. You can catch it in shallow water near the shore, where there are snails." Vimelea hutoka kwa konokono wa majini na kupenya ngozi ya anayekanyaga au kuoga humo, kwa hiyo kwenye maji mafupi yenye majani hatari ni kubwa kuliko kukaa ndani ya boti. Ongeza kwamba kipo kipimo na ipo dawa, praziquantel, na kwamba akifika kwao amwambie daktari aliingia Ziwa Victoria. Hapo umetumia "catch" vizuri, na umemfaa mtu.

Kuna msemo mmoja wa Waingereza unaofanana na ugonjwa lakini si ugonjwa: "You've caught the sun." Mgeni kashinda Ukerewe bila kofia, pua imekuwa nyekundu, amebabuka na jua. Ukiusikia usitafute jua mikononi mwake.

Hatua ya 6: Kukutwa na kufumwa

Mpaka hapa mtu ndiye alikuwa anakamata. Mgeuze awe amekamatwa, "be caught", utapata matumizi mawili tofauti.

La kwanza ni kukutwa na jambo njiani. Sisi tunasema mvua ilitukuta Igoma. Mvua ndiyo ilisafiri ikatukuta. Kiingereza: "We were caught in the rain." Kwenye maji ni "caught in a storm", na kwenye foleni ya Buzuruga jioni ni "caught in traffic". Sikiliza ile "in": mtu yumo ndani ya jambo kama samaki alivyo ndani ya wavu. Ila usipanue mno. Usiku ulitukuta njiani si "night caught us", sema "It got dark on the way." Usingizi ulinipitia ni "I fell asleep." Njaa imenishika ni "I'm hungry", basi. Huo ni mtego wa kutafsiri, na wanafunzi wangu wazuri ndio hunaswa zaidi, kwa kuwa wameshaipenda kanuni.

La pili ni kufuma. "I caught him stealing" ni nilimfuma akiiba. Kitenzi kinachofuata huwa na -ing. Mwizi akikutwa na mali mkononi ni "caught red-handed", wekundu wa mkono ukiwa ni wa damu. Uzito wa neno hili ni wa kuuogopa kidogo. Tofautisha "nilimkuta anakula" na "nilimfuma anakula". La kwanza ni habari, la pili ni mashtaka. Ukiandika "I caught my mother cooking", msomaji atauliza kwani mama kakatazwa kupika? Kama ulimkuta tu, tumia "found". Na polisi wakimchukua mtu kisheria, neno ni "arrest". "The police caught him" inasema walimfikia baada ya kumsaka. "Arrested him" inasema walimtia mbaroni. Yote mawili yanaweza kutokea dakika moja, lakini kwenye taarifa ya maandishi usiyachanganye.

Hatua ya 7: Masikio, macho, pumzi

Maneno nayo hupita hewani, yakikukosa yamekukosa. "Sorry, I didn't catch your name." Ukikariri sentensi moja tu kutoka kwenye mwongozo huu, kariri hiyo. Ni ya adabu, haimlaumu mtu kwamba anaongea vibaya, na ni bora mara kumi kuliko "What?" au kile "Eeh?" chetu. Kwenye simu sisi husema "sijakupata, rudia", na picha ni ile ile, kwa hiyo haina ugumu.

"Catch someone's eye" ina sura mbili. Kitenge cha rangi kali sokoni kinavutia macho: "It caught my eye." Lakini mteja mgahawani anayejaribu "to catch the waiter's eye" hajapendwa wala hajapenda; anataka mhudumu amtazame ili aagize. "Catch a glimpse" ni kuona kwa kufumba na kufumbua, na ndilo neno la pimbi wa Saanane, ambao wakisikia hatua hujitupa kwenye nyufa za mawe. Muahidi mgeni "You may catch a glimpse of them." Usimuahidi zaidi.

Na ukipanda kilima cha Bugando kwa miguu, ukifika juu utasema "Let me catch my breath." Pumzi imekutoroka, unaisubiri irudi.

Moto nitaupitia haraka, kwa kuwa lugha mbili zimekubaliana. "The roof caught fire" ni paa limeshika moto. Kumbuka tu kwamba haimtaji aliyewasha. Kama kuna mtu aliyechoma, ni "set fire to".

Hatua ya 8: Vijineno vya nyuma

"Catch up" ni kumfikia aliyetangulia. Wewe nenda, nitakufikia: "Go ahead, I'll catch up with you." Ukiweka "on" badala ya "with", unafikia kazi iliyokuacha nyuma: "I need to catch up on my accounts." Marafiki waliopotezana wakikutana na kupiga stori nao "catch up", kwa kuwa kila mmoja anafikia maisha ya mwenzake yalipofika. Hiyo ya mwisho ndiyo utakayoisikia zaidi kwa Wamarekani, na wakikualika "to catch up over coffee" hakuna anayekimbia.

"Catch on" ina njia mbili: mtu ameng'amua, au kitu kimebamba na kila mtu anakitaka. "Catch out" ni kumnasa mtu kwenye uongo au kosa kwa swali la ujanja. Nimezitaja ili usishangae ukizisikia. Kwa anayeanza hazina haraka.

Hatua ya 9: Ndoano ndani ya chambo

Limebaki jina "catch" lenye maana ya sharti lililofichwa. Umemwambia mgeni boti hadi Saanane ni bei ndogo kuliko aliyotajiwa hotelini. Anatabasamu: "What's the catch?" Kwa Kiswahili cha mtaani angesema "mbona rahisi hivyo, kuna namna hapo." Anatafuta ndoano ndani ya chambo. Haulizi mmevua nini, ingawa maneno yanafanana. Utajua kwa muktadha, kwa kuwa swali hili hufuata ofa na lile la samaki hufuata mtumbwi.

Usikasirike, na usiseme "no catch" kama lipo. Kisiwa kile ni hifadhi ya taifa na kiingilio kinalipwa mbali na nauli ya boti. Kwa hiyo: "The catch is, the park fee is separate." Ni bora useme wewe mapema kuliko agundue getini. Nimeona mgeni akilipa bila kinyongo kiasi kile kile alichokuwa tayari kukigombea, kwa sababu tu aliambiwa kabla.

Hatua ya 10: Mazoezi

Usikae na daftari nyumbani. Chukua siku moja ya kawaida ya kazi, na kila ukitamka au kusikia daka, wahi, kuta, fuma, nasa, shika au pata, simama kichwani sekunde mbili ujiulize: kuna kilichokuwa kinakwenda? Kama kipo, jaribu "catch". Kama hakipo, tafuta "hold", "take", "get" au "find". Wawili wakifanya pamoja inakwenda haraka zaidi, maana mmoja atamkosoa mwenzake papo hapo.

Jaribu hizi kwanza bila kuangalia chini:

Nishikie hili kapu.
Mafua yamenishika, nimeambukizwa na mwanangu.
Tulivua usiku kucha, tukapata dagaa kidogo.
Mvua ilitukuta tukiwahi feri.
Nilimkuta baba anasoma gazeti.
Samahani mzee, bei sijaisikia vizuri.

Majibu yangu, na yako yanaweza kutofautiana kidogo bila kuwa kosa:

"Hold this basket for me." Kapu limetulia.
"I caught a cold from my child." Mtu mbele, ugonjwa katikati, mwambukizaji nyuma.
"We fished all night and caught a few dagaa." Vitenzi viwili, na dagaa abaki dagaa.
"We were caught in the rain on our way to catch the ferry." Mara ya kwanza mmekamatwa, mara ya pili mnakamata.
"I found my father reading the newspaper." Baba hana kosa.
"Sorry, sir, I didn't catch the price." Ile "sir" inabeba heshima ya "mzee", usiiache, na usiweke "old man" mahali pake.